Utando

Baba alikuwa na bucha Ng'ambo,
na kazi yangu, kabla ya kengele ya shule,
ilikuwa kumenya utando kwenye paja la mbuzi:
mweupe, unang'aa kama maji ya mchele,
unashika kisu, unakataa, kisha unaachia
kwa mlio mdogo wa kitambaa kinachochanwa.
"Hiyo si nyama," baba alisema, "mpe paka."
Nikampa paka. Miaka saba nilimpa paka
kitu nisichokijua kazi.

Leo niko Kitete, chumba cha mazoezi ya viungo,
na Mihayo Lugembe, mpakiaji wa tumbaku,
amelala chali mbele yangu. Analalamikia bega.
Ninagusa bega, kisha nashuka mpaka tumboni,
kwenye kovu la ngiri aliyopasuliwa mwaka juzi
akaisahau.
Kovu halikumsahau.
Limeubana utando kama shuka chini ya mguu wa kitanda:
ukivuta huku, inakunjamana kule.

"Nimekuja na bega, wewe unashika tumbo!"
Namuuliza: robota bila gunia ni nini?
Anacheka. "Majani. Chakula cha upepo."
Basi ndivyo, Mihayo. Nyama ni majani.
Kuna gunia jembamba linalofunga kila msuli,
na ndani ya msuli, kila uzi;
linauvika moyo, linazishika figo zisiporomoke,
linaanza unyayoni, nene kama mkanda,
linapanda kwa nyuma ya goti, kiuno, kisogo,
linavuka utosi, linakuja kuishia juu ya nyusi,
na njiani halishuki kituo.
Pale stesheni, reli ya Mwanza na ya Kigoma huagana.
Mwilini hakuna kuagana.

Kati ya tabaka na tabaka mna ute,
mtelezo wa mlenda. Ukikaa bila kusogea
unakuwa mzito, kama asali ya Sikonge asubuhi ya Juni,
na asali haitwangwi. Hupewa joto, ikapewa muda.
Kwa hiyo sikandi. Naweka kiganja, nangoja.

Dakika ya nne, chini ya vidole,
kitu kinaachia. Safari hii bila mlio.
Mihayo ananyanyuka, anainua mkono mpaka swichi ya taa,
anazima,
anawasha,
anazima tena, kama mtoto.

Dirishani paka wa jikoni ananikodolea macho
kama mtu anayejua alichokula.