Ripoti ya Saa Kumi na Moja, Westport

Ukungu. Ndivyo nilivyoandika ubaoni kwa chaki,
kisha nikafuta, kwani kila mwenye macho ameuona:
umekaa gatini kama mgeni asiyejua kuaga,
na taa za boti zinaelea bila boti.

Wimbi futi sita, sekunde tisa kati ya moja na jingine.
Maji nyuzi hamsini na nne, kwa kipimo cha huku.
Yanaanza kupwa saa kumi na mbili na robo,
na yakipwa yakakutana na wimbi, pale mlangoni penye fungu,
bahari husimama wima kama farasi aliyechokozwa.
Njia bado imefungwa. Watu wanakunywa kahawa.

Raimo Koskela, nahodha wa Irja, haamini ubao.
Huegemea nguzo akasikiliza boya linalolia gizani huko nje.
"Likikohoa, narudi kulala. Likivuta pumzi, natoka."
Leo limevuta pumzi.

Wakatoka, kumi na saba, mmoja nyuma ya mwenzake:
daktari wa meno kutoka Yakima na shemeji zake wawili,
Delphine Ostrander na fimbo ya uvuvi ya marehemu mumewe,
na Anselm, miaka tisa,
aliyetapika kabla kamba haijafunguliwa.

Mimi hubaki. Kazi yangu ni kuhesabu riziki ya wenzangu.

Redio inasema: pima thelathini na tano, kusini-magharibi.
Ndege weusi wameshuka juu ya dagaa.
Chambo kiko pima nane, ndoana moja isiyo na kijino.
Wanauma.
Hawaumi.
Halafu kimya,
na kimya cha mvuvi, nimejifunza,
ndicho neno lake la kweli.

Saa saba upepo wa kaskazini-magharibi ukaupasua ukungu
wakarudi wamelowa, wanacheka kwa sauti za watu walioogopa.
Nikachukua rula, fomu, na kile kifaa changu kirefu.

Sheria ni hii, naisema mpaka usingizini:
aliyekatwa pezi dogo la mgongoni amelelewa na watu, huyo chukua.
Mwenye pezi zima ni mzaliwa wa mto.
Mrudishe, usimtoe majini hata kwa picha.

Samoni fedha kumi na mmoja, wote wamekatwa.
Nikapitisha kifaa kwenye pua zao baridi.
Wa Delphine kikalia: kuna waya ndani, mwembamba kuliko unywele,
wenye namba ya bwawa alikoanguliwa.
Nikaikata pua, nikaitia mfukoni, nikafunga lebo.
"Kwa hiyo wa wapi huyu?"
"Maabara itasema Januari."
"Januari," alisema, akaifuta ile fimbo kwa kanga ya shingoni,
tuseme kanga, kitambaa tu chenye maua,
macho yangu ndiyo yaliyotaka iwe kanga.

"Na wewe, Anselm? Wangapi umewarudisha?"
"Mmoja." Mikono yake haikutanuka kama ya waongo.
"Alikuwa na pezi. Nililiona mimi kabla ya Raimo."
Kwenye fomu ipo safu ya waliorudishwa.
Nikaandika moja, kwa uangalifu, kama jina.

Nilipobaki peke yangu na paka wa gatini
nilikipitisha kifaa juu ya paji langu.
Kimya. Nikacheka. Nikakiosha, nikakitundika.

Jioni nikarudi ubaoni.
Kiwango: imebaki asilimia kumi na mbili.
Wakiendelea hivi, bahari itafungwa Jumapili.
Kesho: wimbi futi tano, ukungu, nendeni polepole mlangoni.

Chini kabisa, kwa chaki niliyoisahau,
mtu mfupi alikuwa ameandika, herufi zimelala upande:
YUKO HUKO BADO.

Sijafuta.