Siku ya Makopo

Mfuko wangu wa taka umerudishwa mlangoni
na kibandiko chekundu: si leo.
Mwaka wa tatu hapa Toyama, bado nachanganya
siku ya chupa na ya makopo.

Bi Shizuyo wa chumba cha pili kaja na ndala,
kachuchumaa kwenye theluji, kanisomesha:
kifuniko huku, karatasi kule, suuza kwanza.
Hatujawahi kuulizana habari za nyumbani.
Tunaulizana chupa.

Juzi kalazwa.
Nikamtolea mifuko yake, nikaipanga sawasawa,
nikasimama kuingoja gari kama mlinzi.

Mifuko ya huku haifichi kitu.
Nililiona kopo la majani ya chai
nililomletea nilipotoka likizo,
mwaka juzi,
tupu,
limesuuzwa.