Asilimia Kumi na Tatu

Bwana Kyalo wa meza ya mikopo, benki ya pale gatini,
mara ya kwanza uliponiambia kumi na tatu
nilikuwa natoka zamu ya usiku,
macho yananiwasha kwa dawa ya kuoshea wodi,
na ile kumi na tatu nikaiona ndogo, ya kubebeka,
kama mtoto wa wiki sita.

Ukasema: Subiri, dada Mwanakheri.
Kamati ya Benki Kuu inakaa mwezi ujao,
huenda ikashuka.
Ukachora mstari nyuma ya fomu, ukauinamisha chini,
nami nikaukunja, nikautia pochini
karibu na picha ya nyumba:

vyumba viwili na daka, Kandahari,
ukuta wa kaskazini una ufa wa kupitisha kidole,
mali ya warithi watano wa marehemu Famau,
wanne wako Mombasa, mmoja hapokei simu.
Milioni mbili na laki mbili.

Nikasubiri.
Kamati ikakaa. Kamati ikasimama.
Kumi na nne na nusu.

Ukasema ni mafuta, ni dola,
ni serikali nayo inakopa, tena ni mlipaji wa kuaminika
(sasa benki ina haja gani na muuguzi?),
na Lali mume wangu akauliza, kwa upole wake,
hiyo dola imeingiaje Kandahari
ambako hata punda wa saruji hupita kwa kubanwa.
Lakini iliingia. Mfuko
uliopandishwa mgongoni mwa punda kwa mia saba
uliteremshwa kwa mia nane na hamsini.

Mwezi wa tano, kumi na sita.
Mama, akimimina chai, alisema mara moja tu:
Riba ni riba, mwanangu, iwe kumi, iwe moja.
Sikumjibu. Nikaenda dirisha la pili,
lile wasilotaja riba: benki inainunua nyumba,
inakuuzia kwa faida, bei haigeuki mpaka mwisho.
Nikaipenda ile haigeuki.
Usiku, wodi imetulia, nikaipigia hesabu faida yao.
Nayo ilikuwa imesikiliza taarifa ya habari ileile.

Halafu ikaanza kushuka.
Bwana Kyalo, una miaka mitatu Lamu, umewaona paka.
Kupanda, ruka moja, yuko darini.
Kushuka, anakaa ukingoni, anatazama chini,
analia, anajaribu mguu, anaurudisha.
Kumi na tano na robo tatu. Kumi na tano na nusu.
Na kila paka aliposhuka kidato kimoja
warithi wa Famau walipanda viwili,
maana sikuwa peke yangu niliyesubiri;
daktari wa meno wa Nairobi naye alikuwa na mstari pochini.
Milioni mbili na nusu. Tatu kasorobo.
Na ufa haujazibwa.

Basi nikaacha kuuliza riba itakuwa ngapi.
Nikauliza swali la wodini:
huyu akizidiwa usiku wa manane,
umeme hakuna, daktari yuko ng'ambo,
atafika asubuhi?
Nikaandika mwezi mbaya kuliko yote: mshahara umechelewa,
Lali hana mlango wa kuchonga, karo, homa.
Nikatoa. Zikabaki elfu ishirini na nane.
Ndizo nilizokuletea Jumanne ile.

Na yule mrithi asiyepokea simu akapokea.
Alikuwa na shida zake, akawashika wenzake:
mbili na laki nne, mwezi huu au basi.
Nikatia sahihi dirisha la pili.

Wiki sita baadaye ikawa kumi na nne.
Ukaniona sokoni ukageukia mizani ya nyanya
kama mtu aliyeua.

Usione haya. Njoo Ijumaa.
Ufa tumeuziba nusu, nusu ya juu inangoja mshahara.
Inamisha kichwa mlangoni, fremu ni fupi.