Baridi ya Kwenda Cheyo

Usiku ule nililichomeka ukutani, nyumbani Mwanga,
tupu, halina hata yai,
nikaliacha lingurume mpaka alfajiri.
Jokofu halianzi safari na joto la jana:
ndivyo alivyonionya Buchumi, fundi wa Katubuka,
aliyelitengeneza ndani ya hili gari kuukuu la mnadani,
gari lenye kitanda, jiko na pazia za maua
za watu waliokwisha kurudi kwao.
"Lina vinywa vitatu," alisema.
"Linakula umeme wa nyumba, linakula betri, linakula gesi.
Ila likila gesi lataka kulala sawasawa kama mgonjwa.
Likiinama, linasusa."
Nikaweka juu yake sahani ya maji, iwe jicho langu.

Saa kumi na moja, Kibirizi.
Migebuka sita, ziwa bado liko migongoni mwao.
Wa kukaushwa walikuwepo, tele, nafuu.
Lakini Shangazi Nyamwiza alisema kwenye simu,
sauti nyembamba kama uzi uliobaki sindanoni:
"Usiniletee moshi. Usiniletee chumvi.
Niletee mgebuka anayekumbuka alikotoka."

Nikawapanga.
Chupa za maji yaliyoganda kushoto na kulia,
na palipobaki nafasi nikashindilia kanga kuukuu,
maana hewa ni mgeni mlafi:
ukifungua mlango anaingia, anakula baridi,
anatoka ameshiba, hasemi asante.

Uvinza nikanunua chumvi, si ya samaki.
Niliinyunyiza kwenye mfuko wa barafu
na barafu ikaanza kuuma.

Nimevuka Malagarasi, nimeipita Nguruka,
mara kimya.
Nilishazoea mngurumo wake nyuma ya kiti
kama unavyozoea pumzi ya mtu mnayelala naye.
Fyuzi. Kitu kidogo kama ukucha wa mtoto, kimeungua.
Ya akiba sina.
Nikachomoa ya redio.
Toka hapo sikusikia taarabu, wala habari, wala mpira;
nilisikia jokofu.

Usinge nilisimama kula wali.
Injini ikizimwa, betri hunyonywa mpaka mfupa,
basi nikahamia gesi,
na kwanza nikatia jiwe chini ya gurudumu, nikalitoa,
nikatia jingine,
mpaka maji ya sahani yakatulia.
Wali ulikuwa umepoa. Wangu tu ndio uliopoa
bila kuombwa.

Kaliua, askari wa barabarani.
"Nini humo?"
"Samaki wa mgonjwa, afande."
"Fungua."
Kufungua, nilipiga hesabu, ni nusu saa ya baridi.
Nikafungua.
Ukungu ukamlamba uso.
Akaingiza mkono, hakugusa kitu,
akauacha humo tu,
saa nane mchana, vumbi limemjaa kwenye kope.
"Funga," akasema polepole.
"Funga, usije ukaimaliza."

Cheyo, jua linazama.
Shangazi ameegemezwa mito mitatu.
Hakutaka apikiwe kwanza. Alimtaka mbichi, mzima, mikononi,
akambandika shavuni, upande wa homa,
maji yakamchuruzika mpaka shingoni.
"Kibirizi?"
"Kibirizi."
"Wamekuuzia bei gani?"
Nikamtajia.
"Wamekuibia," akasema,
akataka tumkalishe vizuri ili aniseme sawasawa.

Alikula jicho moja, na mnofu mdogo kama kidole.
Wengine wakala waliobaki.

Usiku nikatoka kuzima gesi.
Chupa moja bado ilikuwa na barafu katikati,
ndogo, ngumu, kama kokwa.
Mkono ukaenda kwenye swichi, ukarudi.
Nikailaza chupa mahali pake,
nikaangalia maji ya sahani,
nikafunga mlango taratibu.
Huenda asubuhi akaomba tena.