Jibu kwa Vazha, Kuhusu Drili

Umeniuliza, Vazha, ukiwa umeegemea lango langu,
theluji ya Kutaisi ikikuyeyukia mabegani:
ile drili ya sokoni, kando ya mto Rioni,
rangi ileile, umbo lilelile,
jina lililopungua herufi moja tu,
ninunue, nisinunue?

Ngoja nikutilie chai kwanza.
Swali lako lina kona nyingi kuliko ngazi yangu.

Mimi nilinunua. Lari themanini na tano,
na muuzaji akaniongeza betri ya pili,
akaapa kwa kaburi la baba yake.
Baba yake alikuwa hai, kibanda cha tatu, akiuza mabomba.
Kwenye kasha waliandika volti ishirini na moja,
na mimi, fundi wa roshani miaka kumi na tisa,
nikaamini maandishi.

Usinicheke. Mkononi ilikuwa nzito,
na sisi tumezoea kupima ukweli kwa uzito.
Baadaye, betri ilipokata roho, niliipasua:
seli tatu zimejikunyata upande mmoja
kama kondoo walionyeshewa,
na upande wa pili kipande cha saruji,
kimepigwa msasa, kimekazwa kwa gundi.
Mtu fulani, mahali fulani, aliketi
akaipa saruji ile umbo. Kwa makini.
Niliuonea wivu mkono wake.

Lakini kabla ya kufa, nisiibanie haki yake,
ilitoboa. Ilitoboa mwaloni mkavu wa roshani ya Mama,
matundu thelathini na saba,
ikilia kama mbuzi aliyefungwa vibaya,
ikinuka waya, ikinitetemesha hadi jino la dhahabu.
Tundu la thelathini na nane ikagoma katikati,
nami nikamalizia kwa keekee ya babu,
ile ya kuzungusha kwa mkono,
ambayo haijawahi kuniuliza kama nimeichaji.

Mzabibu umepanda pale sasa. Haujui
tundu lipi ni la nani.

Shemeji yangu Gocha anayo ya asili.
Lari mia saba, na hati ya dhamana ameitia fremu
karibu na picha ya harusi.
Ukiiazima unasikiliza hotuba kwanza,
na unairudisha ikiwa safi kuliko ulivyoichukua.
Tangu aipate hajatoboa hata ukuta wa choo.
Hiyo nayo ni hasara, ila hainuki.

Basi: ukiwa na pazia moja la kutundika, nunua,
tundika, uisahau.
Ukitaka kula kwa jasho lake, usinunue.
Cha rahisi hulipiwa mara mbili,
na mara ya pili huwa mbele ya mteja.

Najua ulitaka niishie hapo.

Kuna usiku mmoja sijamsimulia hata Mama.
Niliacha chaja kwenye soketi ya korido,
kitaa chake cha kijani kikisema imejaa.
Kilisema hivyo tangu siku ya kwanza,
betri iwe tupu, iwe imejaa, iwe haipo.
Tekle alikuwa amelala palepale, karibu na jiko la kuni,
kikohozi kilikuwa kimemtoa chumbani kwenye baridi.
Saa tisa niliamka. Si kwa busara, Vazha,
kwa kiu; tulikuwa tumekula samaki wa chumvi.
Plastiki ilikuwa imelegea kama jibini ndani ya mkate,
busati limeanza kuwa kahawia,
hatua mbili kutoka kwenye nywele zake.

Nilichomoa kwa soksi.
Nikaitupa nje, ikazama kwenye theluji ikifoka.
Kisha nikaketi sakafuni hadi kulipokucha,
nikihesabu pumzi za mtoto,
nikihesabu lari nilizookoa.

Chai yako imepoa. Chukua keekee ya babu,
iko nyuma ya mlango, ina mafuta.
Bega litakuuma siku mbili.
Irudishe kabla ya Pasaka.