Silinda ya Tatu

Irumba alifika asubuhi, mvua haijaamua,
na pikapu ya mwaka niliozaliwa mimi,
bodi imeliwa na kutu hata matope ya Kigumba
yanaingia na kutoka yapendavyo.
"Ikikimbia haina neno," akasema.
"Ikisimama, inatetemeka kama mwenye homa."
Nikaweka gilasi yake ya chai juu ya boneti.
Chai ikamwagika.

Wameshaitibu wengi kabla yangu.
Wa Masindi alimuuzia betri.
Wa Karuma alibadili plagi zote nne, akala pesa ya magunia mawili.
Binamu yake alisema ni uzee, hauna dawa.
Na huyu Ocircan, kijana wangu, tayari ameshika bisibisi,
anataka kukaza skrubu ya kabureta, mzunguko upande,
kelele ifunike kelele.
Weka chini, nikamwambia.
Kumpigia mgonjwa makelele si kumtibu.

Mimi nilifundishwa na Lumadede,
aliyeingia Bweyale na sanduku la spana kutoka ng'ambo ya mpaka,
na Kiswahili ambacho hadi leo ndicho ninachotengenezea magari.
Kialur cha mama nimekiweka, cha kuchekea na kulilia.
Lumadede alisema: usiiulize injini inaumwa wapi, haijui.
Watoe kazini mmoja mmoja,
uone nani ataliliwa.

Nikachomoa waya wa kwanza, kitambaa mkononi.
Injini ikayumba, nusura izime. Nikarudisha.
Wa pili, ikayumba vilevile.
Wa tatu nikauchomoa
na hakuna kilichobadilika.
Tetemeko lilelile. Sauti ileile.

Nilibaki nimeushika ule waya
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.
Kuna nyumba niliwahi kutoka, kule Pakwach.
Nasikia jioni hiyo walikula saa ileile.

Haya. Plagi: cheche ya samawati, kali.
Nikaihamishia silinda ya kwanza, ugonjwa haukuhama nayo.
Kidole gumba kwenye tundu, Ocircan akapiga stata,
msukumo ukanirusha kidole. Kifua kizima.
Basi kuna upepo unaoingia pasipo mlango.

Chupa ya maji, kizibo kimetobolewa kwa msumari.
Nikadondosha kwenye shingo za manifodi.
Ya kwanza, si kitu. Ya pili, si kitu.
Ya tatu, chini, upande usiouona
mpaka uinamishe kichwa kama anayenawa:
maji yakanyonywa, fyuu,
na injini ikatulia
pumzi tatu,
kisha ikarudia homa yake.

Palikuwa na kibomba kilichopoteza mpira wake zamani,
na ndani ya tundu, kigingi.
Cha mkaratusi, kimechongwa kwa kisu,
kimeviringishiwa uzi wa gunia.
Kimesinyaa. Kilitoka kwa kucha mbili.
Nilikuwa nafungua kinywa nimcheke fundi wa namna hii
Irumba aliponyosha mkono.

"Cha Kwebiiha," akasema. "Ndugu yangu.
Tulikwama usiku, njia ya Masindi Port, na mahindi ya watu.
Akaingia chini ya boneti na tochi mdomoni.
Akasema twende. Nami sikuuliza."
Wamemzika miaka kumi na mmoja.
Akakifuta kigingi kwa ncha ya shati, akakinusa,
akakitia mfukoni pamoja na risiti za kinu.

Kifuniko cha mpira na klampu, elfu tatu.
Ufundi, elfu kumi na tano. Alikuwa na kumi na mbili.
Tukawasha. Chai nyingine juu ya boneti:
duara moja dogo katikati, kisha uso mtupu,
mpaka lori la Gulu lilipopita.

Ocircan akaanza kukusanya spana.
Nikamwambia ngoja.
Nikauchomoa tena waya wa tatu, kwa uhakika tu,
na gari zima likayumba, likalalamika, likataka kufa.
Nikaurudisha upesi.
Sawa, nikaliambia. Sawa, nimesikia.