Utenzi wa Ndugu Korongo

Naketi nisimulie,
chai yangu itulie,
wa Kirumba msikie
kisa cha kule kazini.

Mimi naitwa Nyamizi,
masijala ndiyo kazi,
mwenye mhuri na uzi;
Idara yetu: Mizani.

Jengo li juu ya jiwe,
ukipanda ushikiwe,
na ziwa lote lenyewe
laingia dirishani.

Akaletwa mwanagenzi,
mrefu mfano mwanzi,
anayeogopa inzi,
wa huko ughaibuni.

Denimaki, akasema,
watu hufika mapema,
hata upepo kivuma
saa mbili wa kitini.

Jina Jeppe likapinda,
ulimi ukatushinda,
tukalichonga kuunda
Jembe, hadi vitabuni.

Ila jembe bila shamba,
mjini kwetu kwa mwamba,
hufungiwa tu kikamba,
hutundikwa ukutani.

"Kazi ipi?" auliza.
Kulwa akamtuliza:
"Mandazi kwanza maliza,
kazi yenyewe njiani."

Akajaza daftari:
"Sawa" yetu ina siri,
"sawa" ndiyo, na "subiri",
na "hapana" ya moyoni.

Kajifunza "mwangaluka"
na mikono kuishika;
wa mwisho alipofika
jua lipo utosini.

Bwana Luhende, mkuu,
kwa vile jembe li juu,
akampa kazi kuu:
kuhesabu, mlangoni,

nani kaja, saa ngapi,
na asiyekuja, wapi;
wala rushwa, hata pipi,
isimfike kinywani.

Bado limefungwa lango,
aona kipara, shingo,
kumbe jamaa Korongo
kasimama barazani!

Koti lake la kijivu,
hana haraka, mwerevu,
kifuko chini ya shavu
kama tai ya shingoni.

Jembe, mtu mwaminifu,
akaandika kwa safu:
"Korongo. Mkamilifu.
Wa kwanza, tena makini."

Nami naja saa tatu,
Kulwa kasaka viatu,
mkuu na wake watu
walikuwa msibani.

Mwisho wa mwezi, kitabu
nikagonga bila tabu
mhuri; wakahesabu
wakubwa wa Dodomani.

Ikaja barua nene,
mihuri kama minane:
"Wafanyakazi wengine
wamfuate nyayoni

Ndugu Korongo, hodari,
hana udhuru, safari,
wala ruhusa ya siri,
wala homa ya tumboni.

Apewe feni na posho,
na cheo kipande kesho;
kwa kazi yake ya jasho
picha iwe ukutani."

Mkuu kanena: "Sawa."
Ipi? Hatukuelewa.
Jembe tu alielewa
ni "hapana" ya moyoni.

Feni ikaja kwa reli,
tukaiwasha, ni kweli;
posho tukala wawili,
msiulize ni nani.

Mwenye tuzo tukampa
kichwa cha sangara, hapa;
akameza pasi pupa,
asante ni ya kooni.

Jembe, siku ya kurudi,
kachelewa makusudi,
akasema: "Sina budi,
kazi yenyewe njiani."

Chuoni aliandika:
"Mwanza nilifundishika;
mlezi wangu mwafaka
alikuwa barazani."

Feni yake naiwasha,
jina lake napitisha,
kumfuta kunachosha:
fomu zake ishirini.

Na juzi, mliosoma,
waraka toka Dodoma:
Korongo apewe dhima
ya ukuu wa Mizani.

Luhende sasa awahi
aweke yake sahihi;
amkuta, asubuhi,
keshatua barazani.